Kitalu cha Maua Masisi: Anza na Jumamosi ya Mnunuzi

Plastiki yangu ya kwanza ilidumu miezi saba. Niliinunua Goma, ile inayong'aa ambayo wajenzi huitandaza chini ya zege, na muuzaji akaniapia kwamba hata Nairobi wanaitumia hiyohiyo. Mwezi wake wa tano ikaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Wa sita, ukiigusa inalia kama karatasi. Wa saba, usiku mmoja wa upepo, nikasikia mpasuko mrefu kama mtu anayechana kitenge sokoni. Asubuhi nusu ya paa ilikuwa imening'inia kwenye mikaratusi ya jirani, na gladioli zangu mia nne zimelala kifudifudi kwenye tope. Jirani akaja, akasema pole, akatazama kidogo, kisha akaomba vipande vya plastiki afunikie kuni zake. Nikampa.

Yule muuzaji simlaumu sana. Mimi ndiye niliyejenga kabla sijajua ninamjengea nani. Nilikuwa nimeona picha za mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, vitalu vimepangana hadi macho yanachoka, nikajiambia: baridi tunayo, udongo tunao, mvua tunayo, kwa nini si sisi? Tangu hapo nimejenga vingine vitatu, na vijana wa Kitchanga, Mweso na Nyabiondo huniuliza swali moja kila tukikutana: papa, vifaa vya sere, yaani kitalu kama chako, vinapatikana wapi? Makala haya ni jibu langu. (Kwa msomaji wa kwetu niseme wazi, ni makala ya kusoma, si makala ya gunia, yaani makaa, ingawa na hayo ya gunia nitayafikia.)

Swali la vifaa ni la pili. La kwanza ni nani atanunua, na siku gani.

Tuanze na Naivasha, kwa sababu ndiyo inayotutia tamaa. Ziwa lile liko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu vingi vya Masisi viko kimo hicho au juu zaidi. Kwa hiyo hali ya hewa siyo wanayotushindia. Wanatushindia baridi ya kutengenezwa na barabara. Waridi likikatwa asubuhi linaingia kwenye chumba cha nyuzi 2 hadi 4, linapanda lori lenye ubaridi uleule, linafika uwanja wa Jomo Kenyatta, na usiku linaruka kwenda Uholanzi. Mnyororo huo ukikatika popote, mali imekufa. Aprili 2010 volkeno ya Iceland ilitapika majivu, ndege zikasimama Ulaya kwa siku chache tu, na Kenya maua yakamwagwa kwa tani. Hao ni watu wenye lami na uwanja wa ndege unaofikika kwa saa mbili. Sisi uwanja wetu wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na hata ulipokuwa wazi haukuwa na chumba cha baridi cha kumsubiri mkulima wa Mushaki. Kijana anayeniambia atauza Amsterdam namwambia akae kwanza tunywe chai.

Mnunuzi wako yuko Goma. Wa pili yuko Bukavu, anafikiwa kwa meli za ziwa. Wa tatu yuko Gisenyi, ng'ambo ya kizuizi cha mpaka, ila huyo atataka hati ya afya ya mimea na hesabu za forodha, kwa hiyo mweke akiba. Kabla hujakata mti hata mmoja, teremka Goma siku tatu. Zunguka kwa wapambaji wa harusi, mahoteli ya kando ya ziwa, maparokia na wale mama wanaokodisha viti na mahema ya sherehe. Usiende mikono mitupu. Beba maua machache, hata kama ni arumu, yale meupe yenye umbo la faneli yanayojiotea kwenye mitaro ya mabonde yetu. Waulize wananunua nini, mashina mangapi, na wanalipa lini.

Mimi nilichelewa kufanya safari hiyo, na nilipoifanya nilibeba waridi sitini, siku ya Jumatatu. Mama mmoja mpambaji aliyapokea, akayanusa, akayahesabu kwa vidole haraka kuliko nilivyoyahesabu mimi, kisha akanirudishia ndoo.

"Papa, maua yako ni mazuri. Lakini ua la Jumatatu nitalifanyia nini?"

"Si utaliweka kwenye maji, mama?"

"Nitaliweka. Jumamosi bibi harusi atashika nini, fimbo?"

Nikacheka, naye hakucheka. Akanieleza: anahitaji maua yamfikie Alhamisi jioni, yawe bado matumba yanayoanza kulegea, ayapange Ijumaa, yafunguke Jumamosi kanisani. Ukimletea Jumatano anakulipa nusu. Ukimletea Jumamosi yenyewe hakulipi kitu, keshatumia ya plastiki. Hapo ndipo nilipoelewa mshindani wangu ni nani. Si Naivasha wala Kigali, ni ua la plastiki linalokaa dukani mwaka mzima likifutwa vumbi. Kwenye matanga ndiyo limetawala kabisa: tazama makaburi yetu, mashada karibu yote ni ya plastiki. Msiba haupigi simu miezi mitatu mapema, na ua bichi haliwezi kushindana na kitu ambacho tayari kiko rafuni. Kwa hiyo matanga usiyategemee. Tegemea sherehe zenye tarehe.

Tarehe hizo unazijua kuliko mimi. Harusi zetu hujazana kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati barabara zinapitika. Februari 14 vijana wa mjini hununua waridi jekundu, moja moja, kwa bei ambayo wiki inayofuata watakucheka ukiitaja. Machi 8 ni siku ya wanawake. Halafu Pasaka, halafu Krismasi. Katikati kuna mashimo. Kwaresima ndilo kubwa, kwa sababu Wakatoliki hawafungi harusi ovyo kipindi hicho, na Kwaresima inahama kila mwaka. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 14 yenyewe. Nunua kalenda ya parokia kabla ya kununua plastiki. Sisemi kwa mzaha, ndicho kifaa cha kwanza cha kitalu, na ndicho cha bei nafuu kuliko vyote.

Ukishakuwa na tarehe, hesabu kurudi nyuma. Gladioli kwetu huchukua kama siku 90 hadi 100 tangu kupanda kiazi chake hadi kukata, na juu zaidi kwenye baridi huongeza siku chache. Anayetaka kuuza wiki ya pili ya Julai anapanda wiki ya kwanza ya Aprili. Tena asipande vyote siku moja. Apande fungu kila wiki, ili kila Alhamisi awe na kitu cha kupeleka. Waridi likikatwa huleta shina jipya baada ya wiki 8 hadi 10, kwa hiyo anayelenga Valentine anakata matawi yake wiki ya pili ya Desemba, na akichelewa siku kumi ameshakosa. Krisanthemu ndiyo yenye ujanja. Mmea huo huhesabu saa za giza. Usiku ukiwa mrefu unafanya maua, na sisi tulio karibu kabisa na ikweta usiku wetu ni saa 12 mwaka mzima. Ukiupanda hivi hivi utachanua ungali na kimo cha kiganja. Wakulima wa Uganda na Kenya huwasha taa juu ya matuta usiku wa manane, kwa muda wa saa nne hivi, katika wiki tatu hadi nne za mwanzo, ili mmea udanganyike na urefuke. Kisha huzima, na maua huja baada ya wiki nane au tisa. Taa ndogo za sola zinatosha, moja kila mita mbili. Huna taa, achana na krisanthemu.

Sasa angalia ulichokipata. Maua ya harusi za Julai yanakua Aprili na Mei. Aprili na Mei Masisi ni mvua, na si manyunyu. Hapo ndipo kitalu kinapopata sababu, na sababu hiyo ndiyo inayokuambia ujenge nini. Mzungu hujenga kitalu ili kupata joto. Sisi joto letu la mchana linatosha. Tunajenga mwavuli. Ua lisilolowa haliingii ukungu wa kijivu, ule unaotia madoa kama ya mafuta kwenye petali za waridi na kuligeuza pamba chafu ndani ya siku mbili. Na mvua ya mawe ikija, dakika tano zinatosha kumaliza msimu wa mtu asiye na paa. Ukielewa kwamba unajenga mwavuli hutapoteza pesa kuziba kuta. Niliwahi kuona kitalu kizuri sana juu ya Sake kimefungwa pande zote kwa plastiki kama chumba cha kulala. Ukiingia asubuhi, matone yanakudondokea shingoni. Ndani kulikuwa na ukungu kuliko nje.

Kipimo ninachokipenda ni mita 8 kwa 15. Kinatosha matuta matano ya upana wa mita moja na njia za nusu mita, na mtu na mke wake wanakimudu bila kuajiri. Kando kiwe na kimo cha mita 2.2, katikati mita 4.2. Ndiyo, ni mwinuko mkali, na fundi wako atabisha kwamba unapoteza sitiki. Mwache abishe. Paa la kulala linakusanya maji, maji yanatengeneza tumbo kwenye plastiki, na tumbo likishajaa linashuka na kila kitu. Upande mmoja wa paa upite juu ya mwenzake kwa sentimita 30 hivi, ili pale kileleni pabaki mwanya wa kutolea joto na unyevu, na mwanya huo uupe upepo kisogo. Kuta ziwe wavu tupu, na pazia la plastiki la kuteremsha siku ya dhoruba.

Nguzo ni 21: mistari mitatu, kila mmoja nguzo saba, umbali wa mita mbili na nusu. Sitiki za mikaratusi tunazo, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanakata leo, wanachimbia kesho. Sitiki mbichi inajipinda ikikauka na kuipindisha plastiki yote. Ibambue maganda, ilaze kivulini juu ya mawe miezi miwili. Kisha choma kile kipande kitakachoingia ardhini, sentimita 60 na zaidi kidogo, hadi nje kuwe makala nyeusi, halafu ipake mafuta machafu ya injini, ila hapo chini tu. Juu, mahali plastiki itakapoegemea, usipake mafuta kamwe. Mafuta na joto la mti mweusi vinaila plastiki polepole. Palainishe kwa panga na msasa, ondoa kila kifundo, upake rangi nyeupe au uzungushie kitambaa cheupe. Msumari hata mmoja uliochomoza utakuumbua. Mimi hupitisha soksi kuukuu juu ya kila sitiki ya paa. Soksi ikinasa, hapo bado.

Plastiki ndiyo pesa. Bei sitaitaja, maana feranga na dola hazikai mahali pamoja wiki mbili, lakini jiandae kwamba plastiki peke yake inaweza kushinda vifaa vingine vyote vikijumlishwa. Unahitaji ya vitalu hasa, iliyotiwa kinga ya miale ya jua kiwandani, unene wa mikroni 200, ambayo ikitunzwa hudumu miaka mitatu hadi minne. Ile ya ujenzi niliyonunua mimi haina kinga hiyo, na kwenye kimo chetu, karibu na ikweta, jua linaitafuna kwa miezi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha zikiwa mpya. Usidanganyike na rangi wala na ugumu, dai uoneshwe robota zima lenye maandishi ya kiwanda: unene, upana, miaka ya kinga. Muuzaji anayekata vipande kutoka robota lisilo na maandishi, muage kwa heshima. Wenzangu wawili huagiza kutoka Kampala au Kigali kwa kuchangiana. Likelemba ya watu watano hununua robota moja na kugawana, na ndiyo njia ninayoishauri kuliko kukopa. Kwa kitalu cha kipimo changu unahitaji vipande viwili, kila kimoja upana wa mita 5 na nusu na urefu wa mita 17, pamoja na cha kuzungushia mbao mwishoni.

Kuna plastiki nyingine utakayouziwa, na lazima niitaje. Ni turubai jeupe la misaada, mita 4 kwa 5, lenye herufi za buluu. Linauzwa kila soko kuanzia Sake. Kwa maua halifai, linazuia mwanga mwingi na mimea hurefuka kama inayochungulia dirishani. Zaidi ya hapo, turubai lile lilikuwa paa la mtu, na kama limefika sokoni ujue ndani ya hema fulani kuna njaa iliyolitoa. Mimi silinunui.

Siku ya kutandika, chagua asubuhi isiyo na upepo, jua likiwa limeshapasha kidogo, saa tatu au nne. Plastiki ikitandikwa na baridi italegea mchana na kupigapiga, na plastiki inayopigapiga haimalizi mwaka. Ikitandikwa kwenye jua kali itajikaza usiku hadi ipasuke kwenye misumari. Usiipigilie msumari peke yake. Zungusha ukingo wake mara tatu kwenye ubao mwembamba, kisha pigilia ubao, na chini ya kila kichwa cha msumari weka kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Ita majirani wanane. Salongo ya saa mbili, sufuria ya maharage, mambo yamekwisha.

Kuhusu waya na mabati kuna jambo letu pekee ambalo kitabu cha Kenya hakitakuambia. Nyiragongo na Nyamulagira hupumua, na mara nyingi upepo huusukuma moshi wao magharibi, upande wa Rusayo, Sake na huku kwetu. Mvua inayopita kwenye moshi huo inashuka na tindikali. Ndiyo maana mabati ya upande huo huota kutu upesi, na maharage wakati mwingine huungua majani bila ugonjwa. Waya mwembamba wa kufungia utakatika mwaka wa pili. Tumia waya mnene uliopakwa zinki, na ikiwezekana badala ya waya funga kwa kamba za mpira wa tairi. Mifereji ya kukingia maji tengeneza kwa mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa katikati, au kwa mianzi.

Na maji hayo yakinge. Paa la mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120: kila milimita moja ya mvua ni lita 120, na mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 2,400, yaani bido 120 za lita 20 ambazo mama hatazibeba kutoka mtoni. Julai na Agosti, wakati anga limekauka na matumba yananywa kama ng'ombe, shimo la maji lililotandikwa plastiki ndilo litakalokuokoa. Kwa hapo, ile plastiki ya ujenzi niliyoitukana mwanzoni inafaa sana, mradi uifunike na majani jua lisiione. Ukiwa upande wa moshi wa volkeno, mwaga maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, na uyajaribu yanayofuata kwenye tuta moja kabla ya kuyamwaga kote.

Dawa nitaipitia haraka. Salfa inatibu ubwiri unga wa waridi vizuri, lakini salfa ileile, pamoja na dawa zenye klorini, hupunguza umri wa plastiki. Piga kwenye mmea, siyo kwenye paa. Ukifungua mwanya na kuacha nafasi kati ya mimea utazihitaji mara chache.

Kwa ndugu zangu wa Walikale nina maneno machache, na baadhi hawatayapenda. Msijenge kitalu cha plastiki. Kwenu ni chini, ni msitu, ni joto la unyevu, na ndani ya plastiki waridi litapikwa kama kwanga. Mna vitu viwili ambavyo sisi hatuna. Kimoja ni mbao ngumu na kekele, ile mitambaa ya msituni inayofunga madaraja na viti: kamba hiyo haipati kutu, na mwenye kitalu wa upande wa volkeno angeinunua kwa furaha. Kingine ni majani na maua yanayopenda joto la unyevu, helikonia, tangawizi za maua, makuti machanga, kangaga. Mpambaji anahitaji majani kuliko anavyohitaji maua, na jani la helikonia linavumilia barabara ambayo waridi haliwezi. Kivuli cha makuti juu ya nguzo kinatosha kwa hayo yote. Tatizo ni barabara yenyewe. Kutoka Walikale kupitia Mutongo na Nyabiondo mvua zikianza ni siku ambazo hakuna anayeweza kuziahidi, na ua ni mali ya ahadi. Mpaka njia itulie, uzieni sherehe za hukohuko, Walikale-kati, Mubi, Ndjingala, ambako pesa ya madini inatafuta pa kujionesha kila mwisho wa wiki.

Turudi Masisi, kwenye Jumatano jioni, kwa sababu hapo ndipo nusu ya wakulima hupoteza walichokilea miezi mitatu. Usikate mchana. Kata alfajiri au jua likishatua, kwa kisu kikali kilichooshwa, na shina liingie kwenye ndoo ya maji safi papo hapo, siyo ukimaliza tuta. Gladioli likate pale ua la chini kabisa linapoonesha rangi. Waridi likate linapoanza kulegeza petali mbili za nje. Ondoa majani yote yatakayozama kwenye maji, yanaoza na kuziba shina.

Kisha pa kulaza. Usiku wetu ni baridi, na kibanda cha udongo chenye dirisha upande wa upepo kinatosha kwa usiku mmoja. Kiangazi unaweza kufanya zaidi, na hapa ndipo makala ya gunia yanapoingia. Jenga kuta mbili za wavu wa kuku, moja ndani ya nyingine, nafasi ya kiganja kati yake, uijaze vipande vya makala, na juu yake upitishe bomba lenye vitundu linalodondosha maji. Upepo mkavu ukipita kwenye makala yaliyolowa, ndani kunapoa. Wakulima wa mboga na matunda Kenya hutumia chumba cha namna hiyo. Msimu wa mvua usijisumbue nacho, hewa imeshajaa maji na hakuna kinachokauka, kwa hiyo hakuna kinachopoa.

Usafiri tayari upo, umeupita barabarani kila siku. Jibini na maziwa ya Masisi hufika Goma bila friji, juu ya pikipiki, kwa watu wanaojua kila kizuizi na kila daraja bovu. Ongea na mmoja wao. Ndoo mbili zenye maji robo, maua yamefungwa kumi kumi kwa karatasi ya mfuko wa saruji uliokung'utwa, shingo zikiwa zimefichwa upepo. Kuanzia Sake, ukikuta barabara imejaa, chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ni taratibu lakini haitikisi kama pikipiki. Sharti moja tu: maua yasipande pamoja na ndizi zinazoiva wala marakuja. Matunda hayo hutoa gesi inayozeesha maua. Nilipoteza hivyo ndoo moja ya waridi, yaliyofika Goma yakiwa yameinamisha vichwa, na kwa wiki nzima nilimshuku dereva.

Miezi isiyo na soko, usiache kitalu kitupu. Paa lile ni kikaushio kizuri cha maharage na mahindi ya mbegu wakati wa mvua. Na kuna ua jingine ambalo milima hii imelijua tangu wakati wa Wabelgiji, pareto, ambalo halihitaji mwavuli shambani lakini linauhitaji sana likishachumwa. Kilo nne na zaidi za pareto mbichi ndizo hutoa kilo moja kavu, na ikivunda kabla ya kukauka dawa yake ya kuulia wadudu imepotea. Wenzetu wa Musanze, chini ya volkeno za Rwanda, wanayo miaka mingi. Kwa mtu wa juu ya mita 1,800 ambaye hataki kukimbizana na Alhamisi za mpambaji, ningemshauri aulizie bei ya pareto kavu kabla ya kununua waridi hata mche mmoja.

Nimebakisha jambo ambalo vitabu vya wenzetu havilihitaji. Hapa kwetu mtu anaweza kuamka na kuondoka. Wengi wetu tumehama mara mbili, mara tatu, na ardhi nyingine tunailima kwa kukodi kwa mwenye malisho, karatasi ikiwa neno la mdomo. Kwa hiyo andikishana, mbele ya chifu na mashahidi wawili, na maandishi yataje kwamba nguzo na plastiki ni vyako hata ukiondoka. Na jenga kitu kinachovuliwa. Ndiyo maana nimesema ubao wa kuzungushia na siyo misumari mia mbili. Watu wanne wanaovijua vifundo wanavua vipande viwili vile kwa saa moja. Vikunje vikiwa vikavu, vizungushe kwenye sitiki moja, vifunike kwa gunia mbali na jua na panya, na robota lile linabebwa na mtu mmoja begani.

Kabla ya kukunja, chukua kalamu ya wino mzito uandike NDANI kwenye ukingo wa upande ulioangalia mimea. Plastiki nyingi za vitalu zina upande mmoja uliotengenezwa ili maji ya mvuke yateleze hadi pembeni badala ya kudondoka. Mwaka jana tulitandika upya bila kuandika, tukakisia, tukakosea, na msimu mzima matone yalishuka moja moja juu ya krisanthemu, tik, tik, hata nje kulipokuwa kukavu.